Ulijuaje? Hotuba ya kufungua msimu wa chemsha bongo, Kirumba, Mwanza

Wale mliokosa Jumamosi mmenisumbua sana kwenye simu, haya, hii hapa hotuba yote kama nilivyoisema, nimeinakili kutoka kwenye rekodi. Picha za projekta nimeziacha, maana hata waliokuwepo hawakuziona vizuri, umeme ulikata mara mbili. Mahali watu walipocheka sijaandika kwamba walicheka, mtapajua wenyewe.

Mwadila!

Naona Wasukuma wameitika, wengine mnaniangalia tu kama mnadaiwa. Haya, habari za jioni. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu, wadau wa chemsha bongo, vijana mliobanana kwenye daladala kutoka Nyegezi na Buzuruga mpaka hapa, na nyie kule nyuma mnaojifanya mmekuja kupunga upepo wa ziwa tu, karibuni wote.

Mi mnanijua. Ndo yule mama wa steshenari ya Nyakato, mnakuja kutoa fotokopi ya vyeti mnaniomba nipunguze mia, na nikimaliza kuwatolea fotokopi usiku nakaa natunga maswali ya kuwaumiza vichwa. Waandaaji wamenipa dakika kumi. Walionipa dakika kumi hawanijui.

Naanza kwa kuungama.

Msimu uliopita, raundi ya mwisho kabisa, timu mbili ziko sawa kwa pointi, ukumbi umejaa, nikatoa swali nililoliona rahisi kuliko yote niliyowahi kutunga. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni lipi? Jamani, tuko Kirumba, ukirusha jiwe dirishani linaingia majini! Timu ya Igogo wakaandika Viktoria. Timu ya wale vijana wa Kigoma wanaosoma vyuo hapa Mwanza wakaandika Tanganyika. Nikawapa Igogo kreti mbili za soda, ukumbi wote ukawageukia Kigoma, mwisho wa reli, mwisho wa reli, na mi mwenyewe nikacheka na maiki mkononi.

Nikiwa nje nasubiri bodaboda, nahodha wao akanifuata. Kijana mpole, mwembamba. Shikamoo mama. Marahaba. Akasema, mama, samahani, uliuliza ziwa kubwa, kubwa kwa kipimo gani? Nikamwambia mwanangu, hilo linajulikana, Viktoria ndo kubwa, hata mtoto wa chekechea anajua. Akaniangalia, akaniuliza neno moja tu.

Ulijuaje?

Ndugu zangu, nilipanda bodaboda nikaenda nyumbani na sikulala. Maana nilivyojiuliza mwenyewe, ulijuaje, jibu lilikuwa nimeambiwa. Na aliyeniambia kaambiwa. Na aliyemwambia yeye, ndo hivohivo. Tumepangana kama watu kwenye foleni ya maji na aliye mbele kabisa hatumjui, hatujui hata kama bomba linatoa.

Nikafungua vitabu. Ziwa Viktoria kwa eneo, yaani ukilitandaza kama mkeka, lina kilomita za mraba kama 68,800, hakuna la kulifikia Afrika, na kwa maziwa ya maji baridi ni la pili duniani baada ya Superior la kule Marekani na Kanada. Hapo Igogo wako sawa, wala sitaki kreti zenu zirudi. Lakini Viktoria lina kina gani? Wavuvi mko hapa, mnajua. Pale penye kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi. Tanganyika ni mita 1,470! Ukichukua maji yote ya Viktoria ni kama kilomita za ujazo 2,700, ya Tanganyika ni kama 18,900, mara saba. Mara saba! Sisi tuna sinia la pilau na wao wana pipa, halafu sisi ndo tukawazomea.

Sasa nani ana ziwa kubwa? Inategemea umeshika rula au umeshika ndoo. Kosa halikuwa la Kigoma wala la Igogo. Kosa lilikuwa la swali, na swali lilikuwa langu.

Kwa hiyo leo sijaja kuwapa majibu, majibu mnayo kwenye simu, ukiwa na bando unayo yote. Nataka tulichukue hilo neno la yule kijana tuzunguke nalo kidogo, kwenye michezo, kwenye sanaa, kwenye muziki, kwenye sayansi, tuone linatufikisha wapi. Semeni wote, ulijuaje? Tena kwa nguvu, Capri Point wasikie. Ulijuaje!

Kabla hatujaondoka ziwani. Nikiuliza hapa ndege wa Darwin wa visiwa vya Galapagos, mikono inanyooshwa mpaka nyuma, kila aliyefika kidato cha nne anajua, wale ndege ambao kila mmoja ana mdomo wake kulingana na chakula chake. Vizuri. Aina zao hazifiki 20. Nikiuliza furu? Kimya. Au mtaniambia furu ni kitoweo.

Furu jamani! Hawa samaki wadogo wadogo waliokuwa wanadharauliwa, wa kukaanga watoto wanatafuna na mifupa. Wanasayansi wanahesabu aina kama 500 za furu ndani ya ziwa hili, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Yupo wa kukwangua mwani kwenye mawe, yupo wa kuvunja konokono, yupo anayekula magamba ya wenzie, yupo anayeiba mayai na vitoto kutoka mdomoni mwa furu mwenzie aliyevihifadhi humo, kabisa, mwizi wa watoto. Na hili ziwa, sikilizeni hapa, kama miaka 15,000 iliyopita lilikauka. Lilikuwa nyasi na vumbi. Waliopima matope ya chini ya ziwa ndo waliokuta alama hizo. Maana yake ule wingi wote wa aina umechipuka tangu maji yaliporudi, na kwa hesabu za wanasayansi hiyo ni juzi tu, ndo maana watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuwasoma. Kuna watafiti wa chuo cha Leiden cha Uholanzi walianza kuwahesabu furu wa ghuba yetu hii ya Mwanza miaka ya 1970, wakiwa katikati ya kuhesabu, sangara akaongezeka ghafla na furu wakaanza kupotea mbele ya macho yao. Sangara kaletwa, mnajua, alimwagwa ziwani miaka ya 1950 na kuendelea. Na sato huyu tunayemsifia kwa wageni, tunamwambia mgeni karibu ule samaki wa kwetu? Naye ni wa kuletwa. Mwenyeji ni ngege. Muulize mjukuu wako kama kamwona ngege.

Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, kamwona. Shikamoo tena mzee.

Haya tutoke majini. Kuna majibu yanaoza, hili nalipitia haraka maana halina ubishi. Sayari ni ngapi? Waliosoma zamani wanasema tisa, tangu 2006 ni nane, Pluto ikashushwa daraja kama timu ya ligi kuu. Nchi kubwa kwa eneo Afrika? Mimi nilifundishwa Sudan, nikapigwa fimbo nikakariri Sudan, mwaka 2011 Sudan Kusini ikajitenga na ikawa Algeria, fimbo zangu hazikurudishwa. Na hapahapa kwetu, unavukaje kutoka Kigongo kwenda Busisi? Maisha yangu yote jibu ni kivuko, unakaa kwenye foleni unakula mahindi ya kuchoma, kuanzia 2025 ni daraja, kilomita tatu, unapita hujamaliza hata hindi. Kwa hiyo ukiniletea jibu, niambie na la mwaka gani.

Sasa michezo, hapa nitakaa kidogo maana nina hasira napo.

Tanzania ina medali ngapi za Olimpiki? Msiangalie simu! Wewe kijana wa shati la njano, nimekuona. Sifuri? Nani kasema sifuri? Kila msimu nauliza hili swali na kila msimu nusu ya timu zinaandika sifuri. Ni mbili. Zote za fedha, zote za Moscow, 1980, na mpaka Paris 2024 hatujaongeza nyingine. Filbert Bayi, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui, mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia.

Na Nyambui ni wa wapi? Ni wa Majita, Musoma! Ni wa ziwa hilihili! Ukitoka hapa ukashika barabara ya Musoma, siku hiyohiyo umefika kwao. Tuna watoto wanajua namba ya jezi ya kila mchezaji wa London na hawajui kwamba mtu wa mwambao huu alisimama kwenye jukwaa la Olimpiki akavishwa fedha. Siwalaumu watoto. Nani aliwaambia?

Halafu Bayi. Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Mtu anauliza, kama Bayi alikuwa hatari hivyo, mbona hana dhahabu ya mita 1,500? Jibu la haraka haraka, hakuwa na bahati. Ulijuaje? Ngoja nikuambie.

Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bunduki inalia, Bayi anaondoka. Siyo anaondoka kwa kujipanga, anaondoka kama mtu aliyesikia mwizi! Wakati ule watu wa mita 1,500 walikuwa wanaviziana, nenda wewe nifuate mimi, halafu mwisho ndo wanafyatuka. Bayi kaenda mbele tangu mwanzo na hakuna aliyemwona usoni tena. Nyuma yake anakuja John Walker, mwenyeji, uwanja mzima unamshangilia Walker, anakaribia, anakaribia, hampati. Dakika 3, sekunde 32.16, rekodi ya dunia, ile iliyokuwepo ilikaa tangu 1967. Na Walker aliyeshindwa, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani! Yaani umevunja rekodi ya dunia na umekuwa wa pili, pole baba.

Sasa kila mtu anasubiri 1976, Olimpiki ya Montreal, Bayi na Walker warudiane. Haikutokea. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikataka New Zealand wasiruhusiwe kushiriki Montreal, ikakataliwa, nchi zaidi ya ishirini zikasusa na Tanzania ikiwemo. Bayi hakukimbia. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39. Hesabuni wenyewe, sekunde saba nyuma ya ule muda wa Christchurch. Mwenye busara ataniambia fainali ya Olimpiki huwa ya kuviziana, haikimbiwi kwa kasi ya rekodi, na ni kweli kabisa, nakubali. Lakini kama Bayi angekuwemo, nani angethubutu kuviziana?

Kwa hiyo ukiandika hakuna dhahabu, umepata pointi. Ila mtu akikuuliza kwa nini, ndo tutajua kama unajua.

Na yule mwingine mnayempenda wote, John Stephen Akhwari, Mexico 1968, marathoni, kaanguka kaumia goti, kaingia uwanjani usiku anachechemea na bandeji. Alishika nafasi ya ngapi? Wa mwisho, mnasema. Wa 57, naandika mimi. Watu zaidi ya kumi walioanza naye mbio hawakumaliza, walikaa pembeni au walipanda gari. Sasa wa mwisho ni nani, aliyefika akiwa wa 57 au aliyepanda gari? Kwenye karatasi yangu mkiandika wa mwisho nakata nusu pointi. Mtanichukia tu.

Tuje kwenye sanaa. Sanaa ndo raundi mnayoikimbia, mnaenda kununua karanga. Nawauliza swali moja tu. Mona Lisa, ile picha maarufu kuliko picha zote, imechorwa juu ya nini? Kitambaa, turubai, najua, wote mnaandika kitambaa. Ni ubao. Leonardo da Vinci alichora kwenye ubao wa mti wa popla, kipande cha sentimita kama 77 kwa 53, mlango wa kabati la vyombo ni mkubwa zaidi.

Na umaarufu wake tunaambiwa ni lile tabasamu. Kwa wachoraji labda. Kwa mtu wa mtaani, mwizi naye alichangia. Agosti 1911 jamaa mmoja fundi wa vioo, Mwitaliano anaitwa Vincenzo Peruggia, aliyewahi kufanya kazi palepale Louvre, jumba la makumbusho la Paris inakotunzwa picha hiyo, aliibeba siku ya Jumatatu ambayo wakati ule jumba lilikuwa linafungwa. Mpaka kesho yake ndo watu wanashtuka, picha haipo. Polisi wakamhoji mpaka Picasso! Kijana Picasso anatoka jasho kwa picha ambayo hajaigusa. Na watu wa Paris wakapanga foleni kwenda kuangalia ukuta mtupu, pale ilipokuwa imening'inia. Nyie mnacheka, msiba ungekuwa wenu mngeenda pia. Peruggia alikaa na ile picha zaidi ya miaka miwili chumbani kwake hapohapo Paris, akaja kukamatwa Florence mwisho wa 1913 akitaka kuiuza. Wakati huo magazeti ya dunia yameshaitangaza bure kila siku.

Nimesema ubao kwa makusudi. Maana tunaye wetu wa ubao. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, kahamia Dar kutafuta riziki kama nyie mlivyohamia Mwanza, mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi, hizi za kupigia dari, kwa rangi za kawaida zinazong'aa, rangi ya kupaka baiskeli na milango. Chui, tembo, ndege shingo ndefu, nukta nukta. Kachora kwa muda gani? Watu wanadhani miaka arobaini, maana picha zake ziko kila duka la watalii. Ni kama miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa kudhani ni mtu mwingine. Zile mnazoziona madukani ni za wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake. Kwa hiyo mtu akikuonesha tembo wa nukta akakuambia hii ni ya Tingatinga mwenyewe, unamuuliza nini?

Ulijuaje! Mmeanza kunielewa.

Muziki. Mungu ibariki Afrika, sauti yake nani katunga? Enoch Sontonga, mwalimu wa Johannesburg, 1897. Kafariki 1905, Tanganyika yenyewe imekuja kupata uhuru 1961. Zambia wanaimba sauti hiyohiyo kwa maneno yao, Afrika Kusini wameiweka ndani ya wimbo wao wa taifa. Mwalimu katunga wimbo wa kuimba na wanafunzi wake, na leo mataifa matatu yanasimama wima, mikono ubavuni.

Lakini kisa cha muziki nilichotaka kuwapa ni kingine. Vienna, Mei 1824, Beethoven anaonesha simfonia yake ya tisa kwa mara ya kwanza. Wakati huo ni kiziwi. Kasimama mbele na wanamuziki, kageukia waimbaji, kawapa watazamaji mgongo. Muziki unaisha, ukumbi unalipuka kwa makofi, na yeye hasikii kitu, bado kageukia kulekule. Mwimbaji mmoja wa kike, Caroline Unger, akamshika akamgeuza. Ndo akaona mikono inapigwa na vitambaa vinapeperushwa. Kaona makofi, hakuyasikia.

Nilipokisoma hicho kisa nikakumbuka ngoma za kwetu. Mnacheka lakini subirini. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Kisukuma, wafuasi wa Ngika na Gumha, wale waganga wawili waliobishana nani ana dawa kali mpaka wakaamua wacheze ngoma watu waamue. Pale Bujora, mwezi wa sita, mashindano ya Bulabo, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, huyu na nyoka wake, huyu na majembe yake. Refa yuko wapi? Kadi za pointi ziko wapi? Hakuna. Mshindi ni yule ambaye watu wamemkimbilia. Unacheza huku unaangalia jinsi umati unavyohama, ukiona migongo umekwisha. Tena sikieni, huyu bwana Beethoven sikio lilikuwa limekufa lakini angekuja Bujora asingepata shida hata kidogo, angeangalia tu watu wamesimama upande gani.

Hilo sitalitungia swali. Nimelisema kwa sababu nalipenda.

Naona waandaaji wananionesha saa. Nimebakiza mtu mmoja, na kwa huyu mnisamehe.

Mwaka 1963, shule ya sekondari Magamba, kule Lushoto, kuna mwanafunzi wa kidato cha tatu anaitwa Erasto Mpemba. Wanafunzi pale walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, unaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza ni ya kugombania, akina mama mnaouza barafu na aiskrimu za vijiti mnanielewa, friza moja watu kumi. Mpemba akaona mwenzie anawahi nafasi, akaona akisubiri yapoe atakosa, akayatia ya motomoto. Baada ya saa moja na nusu hivi wanarudi. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzie aliyeweka ya baridi, bado uji.

Akamuuliza mwalimu. Mwalimu kamwambia umechanganyikiwa, haiwezekani. Akanyamaza. Baadaye akakutana na rafiki yake anayeuza aiskrimu Tanga mjini, yule kamwambia sisi ndo zetu, tunaweka ya moto yaganda haraka. Yaani wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanajua! Hawakuandika popote, hakuna aliyewauliza. Kaenda Mkwawa, Iringa, kidato cha tano na sita, akauliza tena, mwalimu kamjibu hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa likashika hapohapo. Akikosea hesabu, hiyo ni hesabu ya Mpemba. Mnajua darasa likimpata mtu.

Siku moja akaja mgeni, Profesa Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, katoa muhadhara, kakaribisha maswali. Mpemba kasimama. Ukichukua maji sawasawa kwenye vyombo viwili vinavyofanana, moja nyuzi 35, moja nyuzi 100, ukaweka kwenye friza, yaliyokuwa nyuzi 100 yanaganda kwanza, kwa nini? Wenzie wakaangua kicheko. Osborne hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kamuuliza kama kajaribu mwenyewe. Kajaribu. Basi Osborne kaenda Dar, kajaribu naye, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja, jina la Mpemba na jina la Osborne, kwenye jarida la fizikia la Uingereza. Leo ukienda chuo chochote duniani, ukitaja athari ya Mpemba, wanaijua kwa jina hilo.

Sasa mtaniuliza, kwa hiyo ni kweli maji ya moto yanaganda kwanza? Hapo ndo utamu ulipo. Bado wanabishana! Wapo waliopima wakaiona, wapo waliopima kwa vyombo vya kisasa hawakuiona kabisa, wengine wanasema ni mvuke unaopunguza maji, wengine wanasema ni jinsi maji yanavyozunguka ndani, wengine ni barafu ya chini ya chombo inayoyeyuka, chombo kikakaa vizuri. Kwa hiyo kwenye kwizi yangu nikiuliza yapi yanaganda kwanza, sina haki ya kukukata pointi kwa jibu lolote. Naweza kukupa pointi kwa kitu kimoja tu, kama umewahi kutia kopo mbili kwenye friza ukakaa ukaangalia. Nani kajaribu? Yule mama wa Mabatini kanyoosha mkono. Umeona nini mama? Anasema umeme ulikatika.

Haya. Nimalize na deni.

Wale vijana wa Kigoma wako wapi? Simameni. Simameni bila kuogopa, leo hamzomewi. Kreti mbili za soda ziko chini ya meza hii tangu saa tisa, nimenunua kwa hela ya fotokopi, nyingi za kwenu nyie wenyewe, kwa hiyo mmejilipa. Njooni mchukue. Igogo msinune, zenu mlishakunywa.

Wabeja sana. Timu kaeni kwenye meza zenu, simu zote kwenye beseni, kalamu juu. Msimu mpya, swali la kwanza. Kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Viktoria ni kipi?

Naona mkono Kigoma. Ndiyo nahodha. Kikubwa kwa eneo au kwa watu?

Kwa vyote viwili mwanangu, nimepima. Kaa uandike.